Kuwatafuta Farasi wa Massey Ferguson

Fundi alianza na chujio la hewa.

Mwenye trekta alikuwa amemwita aje kuongeza pampu, na kwa maneno ya mashambani huku maana yake ni kuifungua pampu ya dizeli iachie mafuta mengi zaidi. Alikuwa ameshalisema hilo mara tatu tangu chai ya asubuhi. "Sawa, Mzee, tutafika huko," fundi alijibu, kisha akapiga magoti kando ya Massey Ferguson 165 iliyopauka rangi, akafungua vibano vya bakuli lililo chini ya chujio, akalishusha kwa mikono miwili kama mtu anayeepua chungu. Mahali palipotakiwa kuwa na oili nyepesi palikuwa na tope jekundu, zito kama ugali wa mtama, limetandwa na mabawa ya kumbikumbi na vipande vya mabua ya ngano. Akachomeka kidole. Tope lilifika kiungo cha pili.

"Bakuli hili lilisafishwa lini, Mzee?"

Mzee alifikiri kidogo. "Mavuno ya mwaka juzi," akasema.

Siku hiyo nilikuwa mpita njia tu. Nilikaa siku tatu.

Tulikuwa Gehandu. Jina hilo liko mara mbili katika Mkoa wa Manyara, kata moja upande wa Mbulu na nyingine upande wa Hanang. Ni nchi ya Wairaqw na Wabarabaig, nchi ya ngano, mahindi, maharage na mifugo, yenye udongo ambao ukinyeshewa hushika tairi na kugoma kuliachia. Trekta huku halilimi tu. Hubeba magunia, husomba mawe ya msingi wa nyumba, humfikisha mgonjwa barabarani mvua inapokata njia. Na masika yakikolea, lori la mazao likazama hadi kwenye ekseli, wanaume hukusanyika na ubishi huanza: trekta la nani litalitoa? Huo ndio uwanja wetu wa mashindano ya kuvuta. Hapana tiketi wala kikombe, ila trekta lililolitoa lori husifiwa hadi masika mengine, na lililoshindwa nalo halisahauliki. Trekta la Mzee lilikuwa limeshindwa. Ndiyo sababu ya kumwita fundi, na ndiyo sababu ya neno "pampu" kurudiwa mara tatu kabla jua halijakaza.

Massey Ferguson 165 ilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Injini yake ilitengenezwa na Perkins wa Peterborough, kampuni ambayo Massey Ferguson ilikuwa imeinunua mwaka 1959. Hii ya Mzee ni ile ya awali, AD4.203: silinda nne, ujazo wa inchi 203, yaani lita 3.3. Kiwandani iliandikiwa nguvu farasi 58 hivi. Fundi ana namna yake ya kulieleza jambo hili. Husema trekta lilipokuja lilikuwa na farasi wake wote zizini, na kwa miaka hii wamekuwa wakitoroka mmoja mmoja. Mtu akikuita uongeze nguvu, kazi ya kwanza ni kuwahesabu waliobaki na kuwatafuta waliopotea. Kununua wengine ni mazungumzo ya baadaye.

Basi siku ya kwanza yote ilikwenda kwenye hewa.

Nilidhani ni kupoteza muda, mpaka nilipokaa na kupiga hesabu. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote. Kwa lita moja ya dizeli, hiyo ni hewa ya mita za ujazo 10 hivi pale Tanga au Dar es Salaam. Lakini hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, na penye mwinuko wa mita 2,000 huwa imepungua kwa karibu moja ya tano. Lita ileile ya dizeli sasa inataka mita za ujazo 12, hewa ya chumba kizima kidogo cha kulala. Silinda hazikui kwa sababu trekta limepanda mlima. Zinavuta kiasi kilekile cha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo mna hewa kidogo zaidi. Kwa hiyo injini iliyotoa farasi 58 Coventry haiwezi kuwatoa wote 58 kwenye miinuko ya Mbulu hata ingekuwa mpya kwenye boksi. Hao ni farasi ambao mlima umewachukua, na hakuna wa kumlaumu. Ukiiongezea injini kama hiyo mafuta bila hewa ya kuyachoma, unachopata ni moshi mweusi, joto kali na oili iliyochafuka.

Na sasa, juu ya hewa ambayo tayari ni nyepesi, injini ya Mzee ilikuwa inapumulia tope.

Chujio la oili ni kifaa cha akili sana, na ninasikitika kuona vijana wakikidharau kwa kuwa hakina karatasi nyeupe ndani kama machujio ya siku hizi. Hewa hushuka kwa bomba la katikati kwa kasi, hugonga uso wa oili, kisha hugeuka ghafla kupanda juu. Hewa inaweza kugeuka ghafla. Vumbi, kwa uzito wake, haliwezi. Vumbi hubaki limezama ndani ya oili, na kinachoponyoka hunaswa na wavu wa nyaya uliolowa. Lakini oili lazima ifike kwenye mstari uliochongwa ndani ya bakuli, isizidi wala isipungue. Ikizidi, injini huinywa. Ikipungua, vumbi hupita moja kwa moja hadi kwenye silinda na kuzisaga ringi kama msasa. Kijana anayejifunza kazi aliukwangua ule udongo kwa kijiti, akaosha bakuli kwa dizeli mara tatu, akauosha wavu, akauanika juani. Alipotaka kumimina oili mpya kwa kukadiria, fundi alimshika mkono. "Mstari uko wapi?" Kijana akainama kuutafuta, akaupata, akamimina polepole hadi ukafunikwa.

Baada ya hapo fundi akaukagua mpira unaoliunganisha chujio na injini, akiubinyabinya inchi kwa inchi. Chini, upande usioonekana, ulikuwa na ufa. Maana yake vumbi lilikuwa na mlango wake wa uani. Mpira ukabadilishwa, jua likazama, na pampu ilikuwa bado haijaguswa.

Siku ya pili alifungua kifuniko cha valvu. Hapa niliona jambo ambalo ningependa kila anayemiliki injini ya dizeli aone walau mara moja katika maisha yake.

Silinda za Perkins hii huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Fundi alimwambia kijana aizungushe injini kwa mkono, taratibu, huku yeye akitazama roka za silinda ya nne. Zilipofika pale ambapo valvu moja inamalizia kufunga na nyingine ndiyo kwanza inafungua, akainua kiganja: simama. Wakati valvu za silinda ya nne zinapokezana, valvu za silinda ya kwanza zimefunga kabisa, na huo ndio wakati wa kuzipima. Akachomoa fila yenye unene wa milimita 0.30, akaipitisha kati ya roka na shina la valvu. Hakuitazama. Alikuwa ameangalia pembeni, kwenye mti, kama mtu anayesikiliza habari redioni. Fila inatakiwa ipite kwa kusitasita kidogo, kama wembe unaovutwa kati ya kurasa za kitabu kilichofungwa. Ikiteleza bure, nafasi ni kubwa na valvu haifunguki vya kutosha, hivyo hewa haijai. Ikikwama, nafasi haipo, na hilo ni baya zaidi: injini ikipata moto valvu itashindwa kukaa sawasawa kwenye kiti chake, mgandamizo utavuja, na ukingo wa valvu utaungua.

Valvu mbili za kutolea moshi hazikuwa na nafasi kabisa. Fila haikuingia hata ncha. Alizilegeza, akazifunga, akapima, nati ikasogea kwa bahati mbaya wakati wa kukaza, akarudia. Kwa valvu moja alirudia mara tano. Hapakuwa na mtu wa kumkagua. Mzee alikuwa amekwenda kuswaga ng'ombe, na kijana asingejua tofauti. Lakini yeye alijua, akarudia.

Injini ya dizeli haina plagi. Kinachowasha mafuta ni joto la hewa iliyobanwa, jambo alilolithibitisha Rudolf Diesel kule Augsburg mwaka 1897. Kwa hiyo mgandamizo unaovuja huchukua vyote kwa pamoja, kiberiti na nguvu. Wale farasi wawili watatu waliokuwa wakitokea kwenye valvu hizo walikuwa wametoroka bila kuacha hata unyayo. Trekta liliwaka kila asubuhi, likilalamika kidogo, na mwenyewe akasema ni baridi ya Mbulu.

Mchana zikatolewa nozo. Ninamshukuru Mungu kwamba fundi huyu anacho chombo cha kuzipimia, kwa maana wengi hawana. Ni pampu ndogo ya mkono yenye geji, unafungia nozo mwisho wake na kubonyeza mpini. Nozo ya injini hii hutakiwa kufunguka ikifikia shinikizo la zaidi ya angahewa 170. Tairi la lori linabeba saba au nane hivi. Kwa shinikizo hilo dizeli hutoka kama ukungu, kupitia vitundu vyembamba kuliko sindano ya kushonea. Fundi alimrudisha kijana nyuma kabla ya kuanza. Ukungu ule ukimpiga mtu kwenye kidole hupenya ngozi na kuingia hadi kwenye nyama, na kidole kilichoingiwa na dizeli ni cha kukimbiziwa hospitali, hata kama kidonda ni kidogo kama cha mwiba.

Nozo ya kwanza ilikoroma. Hilo ndilo neno lao, na ni neno sahihi: sindano iliyo ndani hufunguka na kufunga upesi mno hata ikatoa mkoromo mfupi wa paka aliyeshiba. Mistari ya ukungu ilitoka sawa pande zote. Fundi akaiweka kando bila neno. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu ilifunguka mapema, kwenye angahewa 140, na ukungu wake ulikuwa na matone. Ya nne haikukoroma kabisa. Ilikojoa mstari mmoja, halafu tone likaning'inia kwenye ncha, likavimba, likaanguka. Likavimba jingine.

"Umeliona?" akamuuliza kijana. "Hilo tone haliungui. Linaosha oili kwenye silinda, linakula ringi, likitoka nje linakuwa moshi. Mzee ananunua dizeli, halafu anaimwaga."

Alipoichomoa sindano ya nozo ile ilikuwa na mikwaruzo unayoweza kuiona kwa jicho. Dizeli safi ina ulaini wa kulainisha vyuma. Mafuta ya taa hayana wa kutosha. Kuna wakati kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kulikuwa biashara ya kawaida nchini, mpaka EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ilipoanza kuweka kinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili uchakachuaji usilipe. Chuma kilichokwaruzwa hakirudi, kwa hiyo sindano na nyumba yake vikatupwa, vikawekwa vipya. Ile ya tatu ilihitaji tu kukazwa springi, mzunguko mdogo sana wa skrubu, kisha kupima, kisha mzunguko mwingine mdogo zaidi. Nozo zote nne zikarudi na washa mpya za shaba. Washa kuukuu, alisema, huonekana nzima lakini imeshakubali umbo la zamani, haitalishika jipya.

Niliuliza alikojifunzia. Kwa mzee mmoja, akasema, aliyekuwa fundi kwenye mashamba ya ngano.

Jibu hilo lina historia ndefu ndani yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Canada ilishirikiana na Tanzania kuanzisha kilimo kikubwa cha ngano katika nyanda za Hanang, na chini ya shirika la NAFCO yakatokea mashamba kama Basotu, Setchet na Mulbadaw. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Shauri la kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO lilifika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1985, na sitaki kuzisifu mashine zilizolima pale bila kuwakumbuka waliohamishwa. Lakini mashine zilikuwepo, ziliharibika, zikahitaji watu wa kuzitengeneza. Vijana wa huku wakaonja ufundi wa karakana halisi, yenye vitabu vya kiwanda, vipimo na rafu za vipuri. Mashamba yalipodorora, ule ujuzi ulibaki kwa watu, ukarudi nao vijijini, ukahamia kwenye matrekta madogo ya wakulima. Ile tabia ya kutafuta mstari kwenye bakuli ilitoka huko. Imepita mikono miwili, sasa inaingia wa tatu.

Siku ya tatu ndipo alipoisogelea pampu, na Mzee akaleta kigoda akaketi karibu kabisa.

Pampu hii ni CAV ya aina ya DPA. Msingi wa ubunifu wake ni wa Mmarekani Vernon Roosa, na kiwanda cha CAV cha Uingereza kilianza kuitengeneza katika miaka ya 1950. Uzuri wake ni huu: badala ya kila silinda kuwa na kipampu chake, pana pistoni mbili ndogo tu zinazotazamana, zinabanwa kwa pamoja na pete yenye vilima, na rota inayozunguka inayagawa mafuta kwa silinda moja baada ya nyingine, kama mama anayepakua sahani nne kwa upawa mmoja. Kwa kuwa upawa ni mmoja, vipimo vinalingana daima. Hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na ndiyo sababu uchafu huiua upesi.

Hata hapo hakuifungua. Alimwambia kijana apande akanyage mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, na yeye akainama kutazama mkono wa resi juu ya pampu. Mkono ulisimama kabla ya kugusa kikomo. Palibaki nafasi ya kidole chembamba. Fimbo ya kuunganisha ilikuwa imepinda, labda kwa kukanyagwa wakati wa ukarabati fulani wa zamani, na kwa miaka yote hiyo pampu haikuwahi kuombwa kutoa kila ilichonacho. Aliinyoosha kwa nyundo na kipande cha gogo. Kisha akafuta mafuta kwenye flenji ya pampu hadi mstari mdogo uliochongwa kiwandani ukaonekana. Mstari huo unatakiwa kukutana na mwenzake ulio kwenye injini. Ulikuwa umekosewa kwa unene wa kucha: mafuta yalikuwa yanaingia silindani yamechelewa, pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, hivyo sehemu ya mlipuko ilikuwa inaisukuma eksozi badala ya pistoni. Akalegeza nati tatu, akaizungusha pampu mistari ikakutana, akakaza.

Wakatoa upepo kwenye mabomba ya dizeli, wakawasha. Injini ilishika kwa mzunguko wa kwanza, sauti yake ikiwa nzito na iliyokaa pamoja. Mzee alisimama kutoka kwenye kigoda.

Niseme kidogo kuhusu wenzetu wa mbali, kwa sababu vijana waliokuwepo walikuwa na video zao kwenye simu. Mashindano ya kuvuta kwa trekta yanajulikana huko Marekani tangu mwaka 1929, katika majimbo ya Ohio na Missouri, na mwaka 1969 wakaunda chama cha kitaifa ili kanuni ziwe moja. Trekta hukokota kigari maalumu chenye sanduku la uzito. Kadiri magurudumu ya kigari yanavyozunguka, sanduku husogea mbele na kukikandamiza kigari ardhini, mzigo ukizidi hatua kwa hatua mpaka trekta ligande au lifike mwisho, ambao Ulaya ni mita 100. Ni tofauti na mashindano ya kulima, kama yale ya dunia yaliyofanyika Njoro, Kenya, mwaka 1995, ambako waamuzi hutazama unyofu wa mfuo na usawa wa tuta. Huko kwenye kuvuta watu hufunga turubo juu ya injini za zamani, hupanua nozo, hubadili pampu, na injini iliyozaliwa na farasi 60 hutoa maradufu ya hao kwa muda wa mvuto mmoja. Ni kazi ya kweli, na naiheshimu. Lakini injini yao hufanya kazi kwa sekunde chache, halafu hupakiwa kwenye tela kurudishwa nyumbani. Ya Gehandu italima kuanzia alfajiri. Pistoni ikiyeyuka, hakuna chakula.

Mzee alikuwa ameyaona yote, akafurahi, na bado akataka pampu iongezwe. Fundi hakubishana. Alifungua kibamba cha pembeni cha pampu, akamwaga dizeli iliyokuwamo, akazungusha injini mpaka skrubu mbili za bamba la ndani zikajitokeza dirishani. Kwanza alikwaruza alama kwa ncha ya msumari. Kisha akalegeza, akaligonga bamba kwa kijichuma cha shaba, pigo moja ambalo sikulisikia, akakaza. Bamba hilo huzuia pistoni zile mbili zisitanuke kupita kiasi, na kulisogeza kwa unene wa unywele hubadili mafuta ya silinda zote nne.

Wakapeleka trekta kwenye mteremko, wakashusha plau ya diski tatu, wakapanda. Lilipanda kwa nguvu, hilo sikatai. Lakini eksozi ilitoa moshi mweusi usiokatika kutoka chini hadi juu, na walipofika kileleni fundi aliweka kiganja karibu na bomba la moshi, akakitoa haraka. Geji ya joto la maji ilikuwa imepanda. Akamwita Mzee asimame palepale alipokuwa yeye, autazame moshi dhidi ya anga. Hakumhubiria. Aliuliza tu, "Huo moshi umeununua kwa shilingi ngapi, Mzee?"

Mzee alitazama kwa muda. "Rudisha," akasema.

Fundi akalirudisha bamba kwenye ile alama ya msumari. Walipopanda tena, moshi ulitoka mara moja plau ilipouma ardhi, ukageuka kijivu, ukapotea. Trekta lilipanda kwa gia moja juu ya ile ambayo Mzee alikuwa akiitumia msimu uliopita, kwa dizeli ileile. Alama ile ya msumari ilitunza kipimo alichokiweka mtu wa kiwandani miaka mingi kabla fundi huyu hajazaliwa, na kwa maoni yangu heshima kubwa kuliko zote katika siku zile tatu ilikuwa ni kukirudia.

Ilibaki kazi ya ardhini. Nguvu isiyoshika udongo haina faida. Tairi likizunguka bure linachimba kaburi lake. Walijaza maji kwenye matairi ya nyuma hadi robo tatu, wakafunga vyuma vya uzito kwenye rimu, na vingine mbele ili pua isiinuke. Kisha fundi akamwonyesha Mzee, kwa kugusa, mahali pa kufungia mnyororo: kwenye mhimili wa kuvutia, chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Hapa sauti yake ilibadilika. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli, na mzigo ukagoma, magurudumu yanashika ardhi bila kuzunguka, na trekta zima hupinduka kwa nyuma na kumwangukia dereva kabla hajapata hata nafasi ya kukanyaga klachi. Alimtaka kijana alirudie hilo kwa maneno yake mwenyewe. Kijana akarudia. Akamwambia arudie tena.

Mvua zilipofunguka, lori lilizama palepale linapozama kila mwaka, likiwa na mahindi. Niliambiwa nikaja. Mzee alirudisha trekta nyuma polepole, wakafunga mnyororo chini, watu wakasogezwa mbali, maana mnyororo ukikatika hurudi kama fimbo. Alinyoosha mnyororo kwanza bila kishindo, halafu akaongeza resi. Matairi ya nyuma yalikaa, yakauma, pua ikainuka kidogo na kutua. Moshi ulitoka mara moja, mweusi, kisha hewa juu ya eksozi ikabaki inatetemeka tu kwa joto. Injini ilishuka mlio mpaka nikaweza kuuhesabu kila mpigo, moja, tatu, nne, mbili, na haikuzima. Lori lilitikisika, likatoka.

Fundi hakuwepo. Alikuwa na trekta jingine alilolifungua, kilomita kadhaa kutoka pale, na kijana alikuwa naye.

Watu wa aina yake wapo katika kata nyingi za Mbulu na Hanang, na wengi wanafanya kazi bila chombo cha kupimia nozo, nozo zikilazimika kusafirishwa hadi Arusha kwa kipimo cha nusu saa. Vyama vya ushirika na halmashauri zetu zingeweza kununua chombo kimoja kwa kila tarafa na kukiweka mikononi mwa fundi anayeaminika. Na wewe mwenye kijana anayependa vyuma, usingoje amalize kuzungushwa na bahati. Mpeleke kwa fundi wa namna hii wakati wa kiangazi, matrekta yanapokuwa yamefunguliwa, na umpe daftari la kuandikia vipimo.